Filamu Mbili za Kipala

Tangu nistaafu, wenzangu wadogo wa idara ya picha wananipitia nyumbani na swali lile lile: kwa mandhari, kamera ipi inatoa picha nzuri zaidi, kubwa au ndogo? Wanauliza kwa sababu wao bado wanapanda gari kwenda porini na wanatakiwa kurudi na kitu ambacho mkuu atakubali kukitundika ukutani. Mimi kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, kwa kamera za filamu za vipimo vitatu, na jibu langu wanalijua. Nikisema kubwa, wanacheka, maana wanaona jinsi mgongo wangu ulivyopinda kwa kuibeba. Basi acha niandike yote mara moja, nipumzike Jumapili zangu. Mambo ya vyeo nayaacha, waliopanda wanayajua wenyewe.

Niliingia idarani wakati kampuni ya shaba imeshakuwa mali ya taifa, hapa Lubumbashi. Walinichukua kwa ajili ya mwandiko wangu. Kazi ilikuwa kuandika nyuma ya picha: kilima fulani, upande fulani, mwezi fulani. Siku ya tatu akaingia mpiga picha wa mandhari, Papa Kalenga, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, akanizunguka kama mtu anayenunua baiskeli.

"Unaitwa nani?"

"Ilunga, Papa."

"Ilunga, uko na mabega. Acha ile bic, kuya."

Nikaweka kalamu chini, nikaja. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kuingia ufundi.

Kazi yetu ilikuwa hii. Kabla kilima hakijaanza kuchimbwa, tulitumwa kukipiga picha kikiwa kizima, wahandisi wabaki na sura yake. Kwetu kilima chenye shaba hujulikana kutoka mbali. Msitu unakizunguka pande zote, lakini juu yake mti hauoti, ni majani mafupi na maua ya zambarau tu. Nimesimama mbele ya vilima vingi vya namna hiyo, na vingi leo ni mashimo yenye maji ya kijani. Wakati ule sikuona huzuni yoyote. Nilikuwa kijana, niliona kwamba tunajenga nchi, na kwamba viatu vyangu vinaniuma.

Kamera ya Papa Kalenga tuliiita chambre. Ilikuwa sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi, linakaa juu ya miguu mitatu. Nyuma yake kuna kioo chenye ukungu. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kichwani, anatazama kwenye kioo kile, na mlima anauona kichwa chini, miguu juu. Akisharidhika, anachomeka shasi, yaani kibebeo chembamba chenye filamu mbili, moja kila upande. Shasi ikiingia, inaziba kioo. Kuanzia hapo haoni tena kitu, anafyatua kwa imani.

Tulitoka na shasi tatu. Filamu sita kwa siku nzima, na barabara za kwetu mnazijua. Siku yangu ya kwanza tulifika mahali saa mbili asubuhi, nikafungua miguu haraka haraka ili nionekane hodari. Papa Kalenga akakaa juu ya jiwe na kufungua mkate wake.

"Ikala kwanza," akaniambia. "Mulima haitakimbia. Angaria kivuli kwenye kinaenda."

Tulikaa hadi saa nne. Alipiga filamu mbili, tukahama, tukakaa tena. Jioni tulikuwa na sita, na tulipozisafisha kwenye chumba cha giza, nne zilikuwa nzuri. Mbili niliziharibu mimi. Nilisahau kuugeuza upande wa shasi: filamu moja ikabaki tupu, na kwenye nyingine kilima kimoja kikalala juu ya kingine, na mti ukaota angani. Papa Kalenga aliiweka kwenye mwanga, akaitazama sana. "Hii kilima iko wapi?" akauliza. "Nataka nihamie." Mpaka anastaafu, kila mgeni wa idara alionyeshwa filamu hiyo.

Baadaye zikaja kamera za filamu ya kuviringisha, zile tulizoziita sita-sita, picha kumi na mbili kwa roli. Ni kamera nzuri, sisemi neno baya. Lakini niliona kitu cha ajabu katika daftari langu. Tuliporudi na filamu sita, nzuri zilikuwa nne au tano. Tuliporudi na kumi na mbili, nzuri zilikuwa nne au tano vile vile. Zile nyingine zilikuwa za kujaribu, za wasiwasi, za "huenda". Mkono ulianza kufanya kazi kabla ya macho.

Kisha ikaja ndogo, ile ya picha thelathini na sita. Hapo sikutaka kuandika tena daftari. Mkuu wetu wa idara, mtu mwenye abacost, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa vizuri kila siku, aliipenda sana. "Ukipiga thelathini na sita, hata kwa bahati moja itakuwa nzuri," alisema. Kwa sherehe ya kiwandani hakukosea. Lakini kilima hakina bahati. Kilima kina saa yake, na mwenye picha thelathini na sita mkononi hana subira ya kuingojea saa hiyo.

Hatukuwa na hiari pia. Filamu bapa za chambre zilikuwa ngumu kupatikana. Sanduku letu la mwisho lilikaa Kasumbalesa, mpakani, kwenye foleni ya malori, juani, siku nyingi mno, na lilipofika filamu zilikuwa zimeshikana kama mikate ya jana. Chambre ikawekwa kabatini. Papa Kalenga alistaafu mwezi uliofuata na kwenda kwake Kampemba kufuga bata. Mimi nikabaki mpiga picha wa mandhari, na kamera ndogo shingoni, na nawaambieni kweli, nilijivunia wepesi wake.

Hapo ndipo Kipala ilipokuja.

Kipala ni kilima kilicho kando ya barabara ya Lukafu. Walikiita hivyo, yaani kipara, kwa kuwa kichwa chake hakina mti. Chini yake palikuwa na nyumba kumi hivi, na moja ya nyumba hizo ilikuwa ya mama mkwe wangu. Mke wangu, Mama Monga, alizaliwa pale. Siku karatasi ya kazi ilipofika mezani kwangu na jina la Kipala, niliisoma mara tatu. Watu wangehamishwa baada ya mvua za kwanza. Nyumba mpya zilikuwa zimeandaliwa mbali, na mama mkwe alikuwa ameamua kwenda kuishi Lukafu kwa binti yake mkubwa.

Nilimwambia mke wangu jioni ile. Hakulia. Alikwenda kumtembelea mama yake, akarudi na ujumbe.

"Mama anasema hivi: bilima ya bantu yote unapiga foto. Anaomba na ya kwake. Anataka eko pa mulango yake, na Kipala nyuma. Balukulu bake bamuone pale."

Wasiotoka kwetu wanisikilize hapa. Balukulu ni wajukuu, hilo ni rahisi. Kwa watu wa upande wa mke wangu, mume haangalii uso wa mama mkwe wake. Ni heshima, tunaiita buko, na mkwe mwenyewe ni bukwe. Hali naye chakula, hamwiti jina, wakikutana njiani mmoja anapita majanini. Mama mkwe akitaka kuniambia jambo, anamwambia binti yake, hata nikiwa nimekaa hatua mbili na kusikia kila neno. Kuna mlo wa kuifungua heshima hiyo. Mama mkwe anapika, anamwalika mkwe rasmi, wanakula, na kuanzia siku hiyo wanatazamana kama watu. Sisi mlo huo tuliuahirisha kila mwaka: mwaka huu msiba, mwaka ule mahindi hayakutosha. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na moja na sijauona uso wa mama aliyemzaa mke wangu. Sauti yake tu niliijua, na miguu yake, na namna alivyofagia.

Nilikwenda Kipala na kamera ndogo na roli tatu. Nilijiambia, zaidi ya picha mia moja, nitashindwaje? Ilikuwa wakati wa kuchoma nyasi, moshi umetanda, kilima kinaonekana kama kitu kilichofutwa na mpira. Mama mkwe alikuwa amevaa kikwembe kipya na kusimama mlangoni. Nikainua kamera hadi jichoni. Papo hapo akageuka akaingia ndani. Nikaishusha, akatoka. Nikainua, akageuka. Hakufanya makusudi, maskini. Mtu mzima aliyelelewa katika heshima, ukimwelekezea jicho la mkwe, mwili wenyewe unageuka. Na mimi pia nilikuwa najidanganya, kwa sababu kila alipotulia kidogo, mkono wangu uliruka pembeni, nikampiga kuku. Nilifyatua nikitembea, nikafyatua nimeinama, nikafyatua kama mtu anayefukuza inzi. Roli zote tatu zikaisha kabla ya saa sita.

Ofisini walichagua mbili za kilima, wakasema inatosha. Nyumbani nilimpa mke wangu karatasi ya picha ndogo ndogo zote pamoja na kioo cha kukuzia. Alikaa nayo mezani, akapita safu moja baada ya nyingine. Mlango mtupu. Kitambaa cha kichwa kikiingia ndani. Mgongo. Kuku. Mgongo tena.

"Mama eko wapi?" akauliza.

Nimeharibu filamu nyingi katika maisha yangu, lakini aibu ya siku ile bado naisikia nikiiandika.

Nilikwenda Kampemba kwa Papa Kalenga. Nilimkuta kati ya bata wake, nikamweleza yote. Hakunicheka, na hilo lilinitia hofu.

"Ile ndogo unatiaka pa jicho," alisema. "Mama anaona jicho yako. Anaogopa. Sasa niambie, pa chambre unatiaka kichwa wapi?"

"Chini ya kitambaa."

"Njo vile. Chini ya kitambaa hauko bukwe ya muntu. Hauko na uso. Anaona tu nguo nyeusi na miguu yako."

Nikamwambia chambre ipo kabatini, mkuu ataniazima, filamu ndizo hazipo. Akaingia ndani, akatoka na shasi moja iliyofungwa kwa karatasi nyeusi. Filamu mbili, za zamani kuliko ndoa yangu. "Sijue kama ingali nzima," alisema. "Ikiwa nzima, utapata moja. Ukiwa na akili, utapata mbili."

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Alhamisi na kuosha moshi wote. Watu wa Kipala walipaswa kuhama wiki iliyofuata. Jumamosi asubuhi mimi na Mama Monga tulipanda lori la mahindi, chambre nimeipakata kama mgonjwa.

Tulifika, nikaweka miguu mitatu uani, uso wangu ukiwa chini kama kawaida. Nyuma yangu nikawasikia wakiongea, na mimi nikijifanya napangusa lenzi.

"Uyu akiingia mule ndani ya kitambaa, ananiona?"

"Anakuona, Mama. Lakini anakuona kichwa chini."

Mama mkwe akakaza kikwembe chake. "Kichwa chini haihesabiwe," akasema.

Nilikaa kwanza. Nilikaa karibu saa mbili juu ya kinu kilichopinduliwa, nikingoja jua litoke nyuma ya nyumba. Kipala ilikuwa safi, majani mapya yameanza, unaweza kuhesabu mawe. Vigingi vyekundu vya wapimaji vilikuwa tayari kwenye bega lake la kushoto, nikasogeza miguu hatua tatu vikajificha nyuma ya paa. Kisha nikainama chini ya kitambaa.

Mliofanya kazi hii mnajua desturi. Unaanza na kona nne za kioo. Kisha kilele. Kisha mistari ya nyumba, isianguke. Kisha unakaza lenzi mpaka kila jani liwe jani. Kitu cha mbele kabisa unakiangalia mwisho. Nilifanya hivyo hivyo, kona moja, kona ya pili, kilele, paa, sikuruka hata hatua moja. Mwisho nikafika mlangoni. Alikuwepo amesimama, amepinduka, kikwembe juu, kichwa chini, kinywa amekifunga, mzito, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Paji la uso la mke wangu. Mashavu ya binti yangu Monga. Sikujua kwamba Monga amerithi mashavu ya mtu.

Wingu lilikuwa linakuja. Nikachomeka shasi na kioo kikaziba.

"Mama, usitingishike," nikasikia mke wangu akisema. Nikafyatua. Bila kutoka chini ya kitambaa nikaichomoa shasi, nikaigeuza na kuichomeka tena, upande wa pili. Hapo nikasikia mnong'ono mlangoni na kitu kama kikohozi. Nikakemea kutoka ndani ya nguo, kwa sauti ya kazini: "Tuliza mwili pale! Hii njo ya mwisho!" Nikafyatua. Wingu likafika.

Nilitoka nikiangalia ardhi. Mama mkwe akasema kwa sauti ya juu, ili nisikie vizuri:

"Mama Monga, uliza bukwe wangu kama nilikuwa muzuri."

"Mwambie alikuwa muzuri sana," nikasema.

Filamu sikuzisafisha mimi. Kuziangalia kwenye mwanga kungekuwa kumtazama uso wake ukiwa umenyooka, na tulikuwa tumekubaliana kwamba kichwa chini tu ndiyo haihesabiwi. Papa Kalenga alizisafisha na kuzichapa. Alipomaliza alinipa bahasha iliyogundishwa, akasema, "Mbili juu ya mbili." Katika maisha yake yote sikumsikia akisifu kazi ya mtu kwa maneno mengi kuliko hayo. Nikampa mke wangu bahasha, naye akaipeleka Lukafu.

Mlo wa buko ulipangwa baada ya mavuno. Safari hii mahindi yalikuwepo, hata kuku walikuwa wamechaguliwa. Mama mkwe alifariki wiki mbili kabla. Nilibeba jeneza, upande wa miguu, kama inavyotakiwa.

Kipala leo ni shimo. Picha ziko Lukafu, ukutani kwa dada yake mke wangu. Tukienda kumtembelea, wananiwekea kiti changu, daima kile kile, nimeupa ukuta huo mgongo. Wazee wa pale wanasema heshima ambayo haikufunguliwa na mwenyewe, hakuna mwingine wa kuifungua. Nakula, nazungumza, na kisogo changu kinahisi joto, kama nimekaa karibu na jiko. Nimepiga maelfu ya picha, sikumbuki nyingi. Hizo mbili ninazitamani kila siku, na ni kazi yangu mwenyewe.

Mwezi uliopita, baada ya kukabidhi funguo za kabati la kamera, nilikuwa nimekaa barazani na mke wangu anachambua mboga. Sijui kwa nini kwa miaka yote sikuwahi kumuuliza. Nikamuuliza kama fundi, juu ya ukali wa picha tu, ili isiwe nzito.

"Zile foto za Mama, ziko nettes?"

"Ziko nettes. Ata pengo ya meno ya mbele inaonekana."

Niliacha kutikisa kikombe changu. "Pengo gani? Alikuwa amefunga kinywa."

"Pa ya kwanza, njo," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga. "Pa ya pili anacheka. Aliona miguu yako na ile nguo, akaniambia, 'Sasa bukwe wangu amekuwa mbuzi ya kununua, naangaria miguu tu.' Akacheka, akacheka. Halafu we ukamutia kelele."